Ipi Inabeba, Ipi Inabebwa? Namna ya Kulipata Hitimisho Kuu Katika Swali la Mantiki

Soma kwanza aya hii polepole, kisha jiulize mwandishi wake anataka tukubali nini.

"Wahariri wengi wa maandishi ya kale huamini kwamba, kati ya nakala kadhaa za hati moja, yenye mwandiko safi kuliko zote ndiyo kongwe kuliko zote. Imani hiyo si sahihi. Wanakili wa zamani walipokuta nakala imechakaa, waliiandika upya kwa uangalifu ili isomeke. Kwa hiyo mwandiko safi mara nyingi ni dalili kwamba nakala ilitengenezwa baadaye."

Aya hii nimeitunga mwenyewe, na nimeitumia mara nyingi kwa watu wanaojiandaa kwa mitihani ya mantiki. Wengi hukimbilia sentensi ya mwisho. Ukiwauliza sababu, wanayo: imekaa mwisho, imeanza na "kwa hiyo", na ndiyo yenye habari mpya. Bado wanakosa. Hitimisho kuu ni ile sentensi fupi ya pili ambayo jicho huipita kama kituo kisicho na abiria: imani hiyo si sahihi.

Swali la namna hii huulizwa kwa maneno mepesi. Ni kauli ipi inayoeleza vizuri zaidi hitimisho kuu la hoja? Au: mwandishi anakusudia kuthibitisha nini? Linakutwa katika mitihani mingi ya kupima uwezo wa kufikiri, na unaojulikana zaidi kwa maswali haya ni LSAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya sheria vya Marekani, ambao ulianza kutolewa mwaka 1948. Tangu Agosti 2024, sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa alama katika mtihani huo ni za hoja za mantiki. Kila sehemu ina dakika 35 na maswali 25 hivi, na kila swali lina majibu matano ya kuchagua. Ukigawanya, unabaki na dakika 1 na sekunde 20 na ushei kwa kila swali, kuanzia kusoma aya hadi kuweka alama kwenye jibu.

Maswali yanayouliza hitimisho kuu waziwazi si mengi katika mtihani mmoja. Lakini karibu kila swali jingine la hoja limesimama juu yake. Ukiulizwa hoja ina kasoro gani, ukiulizwa ni habari ipi ingeitia nguvu au kuidhoofisha, ukiulizwa mwandishi amechukulia nini bila kukisema, huwezi kujibu kabla hujajua hoja inataka kufika wapi. Aliyelikosea hitimisho hutafuta kasoro ya hoja ambayo haikutolewa na mtu yeyote.

Kubeba na kubebwa

Katika mantiki, hoja si ugomvi wala si wazo tu. Ni kundi la kauli ambamo moja inaletwa kwetu ikiwa imebebwa na nyingine. Inayobebwa ni hitimisho, na zinazobeba ni sababu. Pembeni huwapo pia sentensi zisizobeba wala kubebwa, zilizowekwa kutuelezea hali ilivyo au kututajia maoni ya watu wengine. Hizo tuziite usuli.

Tatizo huanza pale sentensi moja inapofanya kazi mbili. Rudi kwenye aya ya hati. Wanakili waliandika upya nakala zilizochakaa: hiyo ni sababu tupu, mwandishi hakuitetea kwa lolote. Juu yake imeketi kauli kwamba mwandiko safi mara nyingi ni dalili ya nakala ya baadaye. Kauli hiyo inabebwa, ndiyo maana imepewa "kwa hiyo", na neno hilo halikudanganya. Lakini mzigo haukuishia hapo. Kauli hiyohiyo imegeuka nayo ikabeba nyingine iliyo juu yake, kwamba imani ya wahariri si sahihi. Ni hitimisho, ila ni hitimisho la kati. Hitimisho kuu ni lile linalobebwa na halibebi chochote.

Ningependa sentensi hiyo moja ikae kichwani mwa kila mtahiniwa kuliko orodha zote za maneno ya kukariri. Inabebwa, na haibebi.

Utajuaje mzigo umeelekea wapi? Chukua sentensi mbili zinazogombania cheo cha hitimisho, ziunganishe kwa "kwa hiyo", kisha uzigeuze. Mwandiko safi mara nyingi ni dalili ya nakala ya baadaye, kwa hiyo si sahihi kuamini kwamba nakala safi kuliko zote ndiyo kongwe. Inakubali. Sasa igeuze: si sahihi kuamini kwamba nakala safi kuliko zote ndiyo kongwe, kwa hiyo mwandiko safi mara nyingi ni dalili ya nakala ya baadaye. Hapo panakwama. Imani inaweza kuwa si sahihi kwa sababu mwandiko hauna uhusiano wowote na umri. Haifuati kwamba uhusiano umegeuka upande wa pili. Njia moja inapita na nyingine haipiti, na ile inayopita ndiyo njia ya hoja.

Jaribio hili huchukua sekunde chache likishazoeleka, na linafanya kazi hata pale aya haina neno hata moja la kuashiria. Jingine linalofanana nalo ni kuiuliza kila sentensi: kwa nini nikuamini? Ikiwa aya inakujibu, sentensi hiyo imebebwa. Ikiwa aya iko kimya, ni sababu au ni usuli, wala si hitimisho, hata iwe na sauti kubwa namna gani. Kisha uiulize swali la pili: umesemwa ili iweje? Hitimisho kuu ndilo pekee lisilokuwa na jibu ndani ya aya kwa swali hilo la pili.

Mwaka 1826 mwanamantiki Mwingereza Richard Whately alishauri kwamba anayechambua hoja aanze na dai la mwisho ambalo hoja inataka kulifikia, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua akiuliza dai hilo limesimama juu ya nini. Mambo mengi yamebadilika katika taaluma hiyo tangu wakati wake, lakini kwa mtu aliye mbele ya aya ngumu huku saa inakimbia, bado sijaona ushauri bora.

Maneno yanayoonyesha njia, na yanayopoteza

Walimu wengi huanza na maneno ya kuashiria: kwa hiyo, hivyo, basi, ndiyo maana, kwa upande wa hitimisho; kwa sababu, kwa kuwa, kwani, maana, kwa upande wa sababu. Ni vizuri kuyajua. Lakini kuyajua nusunusu ni hatari, na Kiswahili kina mitego yake ambayo inafaa tuitazame kwa karibu.

Angalia "maana" na "ndiyo maana". Daraja lifungwe, maana nguzo zake zimepasuka. Nguzo za daraja zimepasuka, ndiyo maana nasema lifungwe. Hoja ni ileile, lakini katika sentensi ya kwanza neno linatangulia sababu na katika ya pili linatangulia hitimisho. Neno dogo "ndiyo" limegeuza upande mzima wa mzigo. Wanahisabati wana jambo linalofanana na hili: alama ∴ husomwa "kwa hiyo", na Johann Rahn aliitumia katika kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1659, wakati alama ∵ husomwa "kwa sababu". Nukta ni tatu zilezile, zimepinduliwa tu. Anayesoma haraka atazichanganya, kama anavyoweza kuchanganya "maana" na "ndiyo maana".

"Basi" nalo lina tabia zake. Ikiwa nguzo zimepasuka, basi daraja ni hatari. Hapo hakuna hoja bado. Msemaji hajasema nguzo zimepasuka wala hajasema daraja ni hatari; amesema tu kwamba la kwanza likiwapo na la pili lipo. Sentensi nzima ni kauli moja yenye masharti, na inaweza kutumika kama sababu, au kama hitimisho, kutegemea imebebwa na nini. Mtahiniwa anayeona "basi" akachomoa nusu ya pili na kuiita hitimisho amevunja kauli moja vipande viwili. Tena "hivyo" si lazima liwe kiunganishi. Katika "mafundi walisema hivyo", linarejelea tu kilichosemwa. Na "kwani" linaweza kuleta sababu, au likafungua swali, kama katika "kwani nani amelikagua?"

"Ingawa" na "japokuwa" ni marafiki wa kweli. Kishazi kinachoanza na maneno hayo ni kile ambacho mwandishi anakikubali kwa shingo upande kabla ya kusema analotaka. Sijawahi kukutana na hitimisho kuu lililokaa ndani ya kishazi cha "ingawa". Kinachofuata baada yake kikague kwa makini zaidi.

Kisha kuna maneno ya kishindo: ni dhahiri kwamba, hakuna shaka kwamba, ni muhimu sana kufahamu kwamba. Hayo hayaashirii chochote kuhusu nani anabeba nani. Mtu huweza kusema "ni dhahiri" juu ya sababu yake, juu ya hitimisho la kati, au juu ya usuli. Mtunga swali anajua kwamba jicho huvutwa na kishindo, na hupenda kukiweka mahali pasipo hitimisho.

Mahali napo hapatoi uhakika. Hitimisho linaweza kukaa mwanzo, mwisho, au katikati kabisa, kama hapa:

"Mtabiri wa hali ya hewa akisema uwezekano wa mvua ni asilimia 70, kisha mvua isinyeshe, watu husema amekosea. Lakini utabiri wa namna hiyo hauwezi kupimwa kwa siku moja. Asilimia 70 maana yake ni kwamba katika siku kumi zenye hali kama hiyo, takriban tatu zitapita bila mvua. Na siku moja kavu inaweza kuwa mojawapo ya hizo tatu."

Sentensi ya kwanza ni usuli, ni maoni ya wengine. Ya tatu na ya nne zinasaidiana, na zote mbili zimegeukia nyuma kuibeba ya pili. Hakuna "kwa hiyo" popote. Uliza sentensi ya pili kwa nini tuiamini, na nusu nzima ya chini ya aya itakujibu.

Pale wengine wanaposema

Aya hiyo ya mtabiri na ile ya hati zina umbo moja, na umbo hilo ndilo linalotawala maswali ya hitimisho kuu: watu fulani wanasema hivi, mwandishi anakataa, kisha anatoa sababu za kukataa. Ukilitambua, umekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu katika umbo hili hitimisho karibu siku zote ni kule kukataa kwenyewe.

Shida ni kwamba kukataa huandikwa kwa ufupi mno. "Imani hiyo si sahihi." "Hilo halina msingi." "Wamekosea." Sentensi kama hizo hazijitoshelezi; zimeegemea neno la kuonyesha linaloturudisha kwenye maneno ya nyuma. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa kuwa ngeli hutuonyesha kinachorejelewa. "Hiyo" itarudi kwenye imani, nadharia au dhana; "hilo" kwenye dai, wazo au pendekezo; "hayo" kwenye madai, maoni au malalamiko. Fuata ngeli hadi nyuma, kilete kile kinachorejelewa, na uandike hitimisho zima kwa maneno kamili: si sahihi kuamini kwamba nakala yenye mwandiko safi kuliko zote ndiyo kongwe kuliko zote. Hilo ndilo utakalolitafuta katika majibu. Usiende huko ukiwa na "imani hiyo si sahihi" peke yake, kwa maana jibu sahihi mara nyingi huandikwa kwa maneno tofauti kabisa na ya aya, na utalipita bila kulitambua.

Jingine la kuangalia ni kiasi cha kukataa. Kusema si kweli kwamba nakala safi kuliko zote ndiyo kongwe si sawa na kusema kwamba nakala chafu kuliko zote ndiyo kongwe. Anayelikataa dai hajalazimika kushika kinyume chake cha mwisho. Nitarudi kwa hilo tukifika kwenye majibu.

Hoja na maelezo

Kuna fundo jingine ambalo watu huliruka. "Kwa sababu" hutumika kwa kazi mbili zisizofanana. Ukisema mti wa uani umeanguka kwa sababu mizizi yake ilioza, na sote tunauona mti umelala chini, hujaribu kutushawishi kwamba mti umeanguka. Unaeleza kilichouangusha. Haya ni maelezo, si hoja, na kuanguka kwa mti si hitimisho ingawa kumefuatiwa na "kwa sababu".

Sasa tazama hii: "Mti huu haukuangushwa na upepo, bali na kuoza kwa mizizi. Miti miwili ya aina hiyohiyo iliyo karibu nao, mirefu kuuzidi, haikupoteza hata tawi usiku ule, na mizizi ya huu imekutwa laini kama sifongo." Hapa kisa cha kuanguka kimekuwa ndicho dai linalobishaniwa. Hitimisho kuu ni kwamba mti uliangushwa na kuoza kwa mizizi, si upepo, na sentensi inayofuata ndiyo inayobeba. Jiulize daima: je, jambo hili mwandishi analichukulia kuwa limeshakubalika, au ndilo analotaka nilikubali? Lililokwisha kukubalika haliwezi kuwa hitimisho lake.

Usilihukumu

Niliwahi kukaa na mtahiniwa mwenye akili kali sana aliyekosa maswali haya moja baada ya jingine. Tulipopitia majibu yake kwa pamoja, ilionekana kwamba kila mara alichagua jambo ambalo mwandishi alipaswa kuhitimisha. Aliona sababu ni dhaifu, akalipunguza dai ili lilingane nazo. Aliona dai ni la kupita kiasi, akaliacha akachukua sababu, kwa kuwa sababu angalau ilikuwa kweli. Alikuwa akiisahihisha hoja badala ya kuisoma.

Swali la hitimisho kuu haliulizi kama mwandishi ana haki. Hoja inaweza kuwa mbovu, hitimisho lake likawa uongo mtupu, na jibu sahihi likabaki kuwa lile hitimisho la uongo. Ni swali la kueleza, kama kumsimulia mtu mwingine maneno ya fulani bila kuongeza ya kwako. Nalichukulia kuwa jambo la heshima: kabla sijakubishia, nikusikie umesema nini. Katika mtihani, heshima hiyo ndiyo inayoleta alama.

Ndiyo sababu pia swali hili si sawa na lile linalouliza ni kauli ipi inayofuata kutokana na habari zilizotolewa. Huko unatafuta kitu ambacho hakijasemwa lakini kimethibitishwa. Hapa unatafuta kitu ambacho kimesemwa. Ukijikuta unakokotoa, umehamia swali jingine.

Majibu matano, na mitego yake

Kabla ya kuyatazama majibu, yafunike. Weka mkono kama ni karatasi, au usiteremshe macho kama ni skrini, na useme hitimisho kwa maneno yako. Asiyefanya hivyo huingia mikono mitupu, na kila jibu humwonekea kuwa na ukweli kidogo, kwa sababu ni kweli lina ukweli kidogo, limetungwa hivyo. Haya hapa ya aya yetu ya kwanza:

A. Wanakili wa zamani waliandika upya kwa uangalifu nakala zilizochakaa.

B. Mwandiko safi mara nyingi ni dalili kwamba nakala ilitengenezwa baadaye.

C. Nakala yenye mwandiko safi kuliko zote si lazima iwe kongwe kuliko zote.

D. Nakala yenye mwandiko usio safi kuliko zote ndiyo kongwe kuliko zote.

E. Wahariri wanapaswa kuacha kutumia mwandiko kukadiria umri wa nakala.

A ni sababu. Imo kwenye aya, ni kweli kwa mujibu wa aya, na haina thamani yoyote hapa. Watu hawaikosei mara nyingi.

B ndiyo inayowakamata wengi, na inastahili tukae nayo. Imenakiliwa karibu neno kwa neno, imetokea baada ya "kwa hiyo", na ni hitimisho kweli. Kosa lake ni moja tu: inabeba. Mtunga swali anategemea msomaji aliyekariri maneno ya kuashiria na kuacha kuuliza mzigo unaishia wapi. Jibu la namna hii likiwa kwenye orodha, na huwa kwenye orodha mara nyingi, hakuna njia ya kulikwepa ila kulipambanisha na jingine kwa lile jaribio la kugeuza.

D imekamata kukataa ikakusukuma hadi ukingoni. Mwandishi alisema "mara nyingi". D inasema ndiyo, kila mara. Mwandishi alikanusha kanuni. D imetunga kanuni mpya iliyopinduliwa. Maneno madogo kama mara nyingi, huenda, baadhi, takriban, lazima na kamwe hayakuwekwa kupamba. Jibu likiongeza au kupunguza nguvu ya dai, si dai lilelile tena.

E inapendeza zaidi kwa msomaji mwenye busara za maisha. Kama mwandiko safi hauonyeshi ukongwe, si waache kuutumia? Labda. Lakini mwandishi hakusema. Alizungumzia ukweli wa imani, wala hakutoa ushauri wa kazi. Tena ukiifikiria vizuri, hoja yake ingeweza hata kuunga mkono kuendelea kutumia mwandiko, ila kwa kuusoma upande wa pili. E imekwenda hatua moja mbele ya mwandishi, na mtu aliyezoea kujiuliza "sasa tufanye nini?" humfuata bila kujua. Upande wa pili, pale mwandishi anapotoa ushauri kweli, kwamba jambo fulani lifanywe au lisifanywe, ushauri huo ndio kwa kawaida hitimisho kuu, na maelezo ya hali huwa sababu zake.

Imebaki C. Haina hata sentensi moja iliyonakiliwa kutoka kwenye aya. Haikutaja imani wala wahariri. Lakini ukiweka kando sura yake na kuuliza inasema nini, inasema hasa kile ambacho "imani hiyo si sahihi" inasema ikishaandikwa kwa ukamilifu. Aliyefunika majibu na kujisemea hitimisho atalitambua. Asiyefanya hivyo ataliona limepauka mbele ya B.

Moja ngumu zaidi

Chukua hii sasa, uisome kabla ya kushuka chini:

"Kuna wanaosema Pluto ilionewa mwaka 2006, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipoacha kuihesabu kuwa sayari. Kwa kuwa Pluto iliendelea kulizunguka jua katika njia ileile, ni dhahiri kwamba uamuzi ule haukuidhuru. Na kuonewa ni kudhurika bila haki. Wanaosema hivyo wamekosea, kama ambavyo angekosea anayesema leo kwamba Ceres, iliyoitwa sayari ilipogunduliwa mwaka 1801, ilionewa ilipoondolewa baadaye kwenye orodha hiyohiyo."

"Ni dhahiri kwamba" imekaa mbele ya kauli kwamba uamuzi haukuidhuru Pluto. Uliza kwa nini tuiamini: kwa kuwa iliendelea kulizunguka jua katika njia ileile. Basi imebebwa. Uliza imesemwa ili iweje, nayo inaungana mkono na sentensi inayofuata: kama kuonewa ni kudhurika bila haki, na Pluto haikudhurika, kuna jambo linafuata. Kwa hiyo nayo inabeba, na kishindo chake kisitubabaishe.

Sentensi ya "kuonewa ni kudhurika bila haki" haikutetewa na chochote, na ufupi wake unaoisogeza karibu na methali haubadilishi hilo. Ni sababu. Ukitaka kuibishia hoja hii, hapo ndipo ningekushauri uanzie, lakini swali letu haliombi ubishi. Habari ya Ceres ni mfano wa kulinganisha: imeletwa ituonyeshe kosa la aina hiyohiyo mahali pengine, na imefungwa ndani ya kishazi cha "kama ambavyo", kikiegemea maneno yaliyo mbele yake.

Yamebaki maneno matatu mwanzoni mwa sentensi ndefu kuliko zote: wanaosema hivyo wamekosea. Hayaibebi sentensi nyingine yoyote, na yote yaliyosalia yameyaelekea. "Hivyo" inaturudisha mwanzo kabisa, kwenye maneno ya wale wanaolalamika, na tukiyaleta na kuyakanusha tunapata hitimisho kuu la aya nzima kwa maneno manne: Pluto haikuonewa mwaka 2006.